Kilo ya Januari, Kilo ya Machi

Shangazi yangu ni mama karanga. Kwa msomaji wa Nairobi anayedhani hii ni habari ya njugu: mama karanga ni mwanamke anayenunua samaki ufuoni, anawaparua, anawakaanga, na jioni anakaa nao kando ya barabara akiwauza mmoja mmoja, na pilipili ya ndimu ndani ya kikopo. Shangazi amefanya kazi hiyo Pwani ya Kusini, upande wa Msambweni, tangu kabla sijazaliwa. Karai lake ni jeusi ndani na nje, na mtu haruhusiwi kuliosha ila yeye.

Mwaka jana nilipata kibarua. Shirika moja, ambalo silitaji kwa sababu bado natumaini watanipa kazi nyingine, lilitaka kijikaratasi cha kurasa nne kwa Kiswahili chepesi. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wavuvi na wachuuzi kwa nini sehemu fulani ya mwamba ifungwe miezi ambayo tafi wanataga. Malipo elfu kumi na mbili, nusu mbele, nusu kazi ikikamilika. Nilikuwa na deni la nyumba la miezi miwili Likoni. Ningeandika hata kijikaratasi cha kuwashawishi tafi wenyewe.

Nikaandika. Ukurasa wa kwanza niliweka picha ya tafi aliyepasuliwa, mayai yamejaa tumbo zima, na juu yake maneno niliyoyaonea fahari: UKIMUUA MMOJA, UMEUA LAKI. Nikapanda matatu Jumamosi kwenda kumsomea Shangazi, maana macho yake siku hizi yanakataa herufi ndogo. Nilitaka anisifu, kusema kweli. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, nikasoma kurasa zote nne kwa sauti ya mtangazaji.

Alisikiliza huku anageuza samaki. Nilipomaliza akauliza, bila hata kuniangalia: "Na yule ninayemkaanga mwezi wa tisa, mwanangu, yeye angekufa tasa?"

Nikabaki nimeshika karatasi.

Hebu mfikirie huyo samaki wa Septemba. Tumbo lake halina kitu. Ukimpasua unakuta utumbo na majani ya bahari, maana tafi anakula majani kama mbuzi. Hakuna picha ya kuweka ukurasa wa kwanza. Lakini kama ni jike na angeachwa hai, Januari angekuwa na mayai yale yale laki kadhaa. Kumuua Septemba ni kumnyima bahari mayai hayo hayo, sema tu ni mapema. Kila samaki aliyekufa, amekufa kabla ya kutaga kunakofuata. Sasa dhambi ya Januari iko wapi ambayo Septemba haina?

Siku ile nilijibu vitu vya ovyo. Nikasema, eti, yule wa Januari "yuko karibu zaidi." Shangazi akasema hata mimba ya wiki moja iko mbali na mimba ya miezi minane, lakini mwaka ukiisha watoto ni wale wale. Kisha akanitumia kwenda kununua ndimu.

Nimeishi na swali hilo miezi kadhaa, na naona sasa kwamba kijikaratasi changu kilikuwa kinacheza na macho ya watu. Tunaumia kwa kinachoonekana. Yai liko pale, la njano, unaweza kulishika. Yai ambalo lingekuwepo miezi minne baadaye halina rangi. Si samaki tu. Angalia jinsi tunavyochangia mgonjwa mwenye picha kwenye WhatsApp kuliko mgonjwa mwenye jina tu. Sisemi huruma hiyo ni mbaya. Nasema niliitumia kama chambo, na Shangazi hakumeza.

*

Ili nielewe nilichokuwa nimeandika, ilibidi nirudi kwenye hesabu. Nilisomea takwimu mwaka mmoja na nusu kabla chuo na mimi hatujaachana, kwa hivyo nitakupa hesabu moja tu, ichukulie kama sehemu ya karo niliyobaki nikidaiwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanasayansi wa uvuvi wa Uskoti aliyeitwa Fulton alihusishwa na njia rahisi ya kujua kama samaki ana afya au amekonda. Unachukua uzito wake kwa gramu, unazidisha kwa 100, unagawanya kwa urefu wake kwa sentimita uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Basi. Tafi wa sentimita 25 mwenye gramu 250 anapata 1.6. Tafi wa urefu ule ule mwenye gramu 200 anapata 1.28. Namba hiyo haifai kulinganisha tafi na mkunga, maana mkunga ni kamba yenye meno, lakini inafaa kulinganisha tafi na tafi, mwezi huu na mwezi ule.

Na namba hiyo haitulii. Samaki si mfuko wa unga unaokaa kilo mbili mwaka mzima. Anakula na kujiwekea akiba. Baadhi ya aina huiweka kwenye nyama, nyingine kwenye ini, nyingine mafuta yanazunguka utumbo. Msimu wa kutaga ukikaribia, akiba hiyo inahamishwa kuwa mayai au maziwa ya dume. Heringi, samaki mdogo wa bahari za kaskazini mwa Ulaya, anaweza kuwa na mafuta zaidi ya asilimia 20 mwisho wa kiangazi chao, kisha baada ya kutaga akabaki na asilimia chache tu. Samaki huyo huyo, jina lile lile kwenye mkebe. Kwa tafi wetu, utafiti uliochapishwa 1990 ulionyesha kwamba kwenye pwani ya Kenya ana misimu miwili ya kutaga, Januari na Februari, kisha Mei na Juni.

Kwa hiyo yule anayeonekana mnene Januari, tumbo limemtoka kama mjumbe wa bunge, mara nyingi hajanenepa. Amebeba. Ndiyo maana wanaopima kwa makini humpima tena akiwa ameshatolewa matumbo, waone mwili wenyewe umebaki vipi. Shangazi anajua hili bila mzani. Anasema tafi wa mayai "mgongo wake mwembamba," na yule aliyekwisha kutaga anamwita "mchovu." Mchovu ukimtia kwenye mafuta anajikunja, anakauka, nyama yake inakuwa kama kadibodi. Wateja wanalalamika, lakini wananunua.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na kijikaratasi changu hakikuligusa.

Ufuoni samaki ananunuliwa kwa kilo. Barabarani anauzwa kwa kichwa. Tuchukulie kilo ni shilingi 320, na samaki aliyekaangwa ni 100. Januari, kwa wale wa gramu 250, Shangazi anapata samaki wanne kwenye kilo. Anauza 400, anabaki na 80 kabla ya mafuta na kuni. Machi, kwa wale wachovu wa gramu 200 lakini urefu ule ule, anapata watano. Anauza 500, anabaki na 180. Kwenye sinia ukiwaangalia hawatofautiani sana, hasa usiku, chini ya taa ya sola. Mteja analipa mia ile ile na kula pungufu kwa sehemu moja ya tano.

Nilimuuliza kama huo si udanganyifu. Niliuliza kwa adabu, nikazunguka zunguka kwanza.

"Mimi siuzi kilo," akasema. "Nauza samaki. Ukitaka kilo nenda kwa mchinjaji."

Sasa rudi kwa mvuvi. Tuseme malema yake yametoa samaki 20. Januari hao ni kilo tano, shilingi 1,600. Machi, samaki 20 wale wale kwa urefu, ni kilo nne, shilingi 1,280. Kazi ni ile ile, jua ni lile lile. Tajiri aliyemkopesha pesa za kushonea malema anakata deni lile lile. Tajiri, kwa asiyejua, ndiye mnunuzi wa ufuoni anayekukopesha ili samaki wako wasiende kwa mwingine. Deni lake halikondi kwa msimu. Kwa hiyo Machi mvuvi anaongeza malema, au anarudi baharini siku ambayo angepumzika, ili afikishe kilo tano. Kilo hizo tano zinataka samaki 25.

Naomba usiruke hapo. Samaki mwembamba, asiye na yai hata moja, ambaye hakuna shirika litakaloweka picha yake popote, ndiye anayekufa kwa wingi zaidi ili mzani usome namba ile ile. Takwimu zinazotumwa ofisini zitaandika kilo tano Januari, kilo tano Machi. Sawa sawa. Hakuna aliyesema uongo. Mvuvi amehesabu kilo, Shangazi amehesabu vichwa, mteja amehesabu shibe, na bahari imehesabu miili, na kila mmoja hesabu yake ni sahihi.

*

Kuna upande wa pili na sitaki kuuficha, maana nitaonekana nimegeuzwa na samaki wa bure. Kuna sababu nzuri ya kuwaacha tafi Januari. Sababu yenyewe siyo mayai.

Tafi siku nyingi ametawanyika kwenye majani na matumbawe, na kumpata ni jasho. Lakini akitaka kutaga anakusanyika. Ushelisheli, kwenye mwamba wa kisiwa cha Praslin, watafiti waliwawekea tafi vifaa vidogo vya kuwafuatilia, wakaona wanarudi sehemu zile zile, siku za mwezi mpevu. Wavuvi wa huko walilijua hilo kitambo, na wanategesha malema yao hapo hapo. Sehemu hiyo siku hizo lema moja linaweza kukupa usichopata kwa wiki. Hapo hatari inatokana na urahisi. Unaweza kumaliza samaki wa eneo zima huku kila siku ukirudi na chombo kimejaa, ukiamini bahari ina heri, kwa sababu wale waliobaki bado wanakuja kukusanyika pale pale. Idadi inashuka na wewe huoni, mpaka mwaka mmoja unafika hakuna mtu.

Visiwa vya Cayman, huko Karibi, waligundua mwaka 2001 mahali ambapo chewa wa Nassau wanakusanyika, karibu 7,000. Katika misimu miwili walivuliwa takriban 4,000. Mwaka 2003 serikali ikapiga marufuku, na baada ya miaka mingi idadi ikarudi. Kwa hiyo kufunga kunafanya kazi. Siwezi kumwambia mtu kwamba ni porojo za wazungu.

Sema Cayman ni visiwa vya mabenki. Sidhani kuna mtu alilala njaa kwa sababu ya chewa.

Huku kwetu tafi anakusanyika Januari. Wewe unayesoma haya kwenye simu unajua Januari inaitwaje. Njaanuari. Krismasi imekwisha, kodi imefika, shule zimefunguliwa na sare haimtoshi mtoto tena. Na kwa wavuvi Januari ina maana nyingine pia: ni kaskazi. Upepo umetulia, maji yameng'aa, hata mwenye mtumbwi mbovu anaweza kutoka. Kusi likianza kuvuma kuanzia Aprili, bahari inachafuka, na kuna wiki nzima vyombo vinakaa mchangani vimelala ubavu, na watu wanakula muhogo bila kitoweo. Ukitaka kujua hali ya mwili ya nyumba za pale kijijini, usichukue rula. Angalia duka la rejareja linakopesha nini: kaskazi ni mchele, kusi ni unga wa robo.

Kwa hiyo tunachomwomba mvuvi si kwamba amhurumie samaki mjamzito. Hilo ni ombi la kirahisi, na watu wengi wangelikubali kwa mdomo. Tunamwomba, mwezi ambao ana shida kuliko yote, aukatae urahisi pekee ambao mwaka umempa. Unaweza kuwa ombi la haki. Lakini liitwe kwa jina lake, na tusilifunike kwa picha ya mayai.

Na nani anafaidika akikataa? Hili nalo liliniumiza kichwa. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa pweza wasivuliwe. Walipofungua, pweza walikuwa wamenenepa, na jambo hilo likaigwa sehemu nyingi, hata huku Afrika Mashariki. Pweza ni rahisi kumtetea. Anakua upesi sana na hahami mbali. Pweza uliyemwacha leo utamkuta mwenyewe baada ya miezi michache, akiwa mzito zaidi. Unaahirisha mlo, unaupata mkubwa. Lakini kitoto cha tafi kikishaanguliwa kinachukuliwa na maji. Kinaelea siku nyingi kabla hakijapata mahali pa kukaa, na mahali hapo pengine ni mbele ya kijiji kingine. Mvuvi wa kwetu akiacha Januari, huenda anamwekea akiba mtu asiyemjua, ambaye naye hajaacha kitu. Hiyo si akiba tena, ni sadaka. Na sadaka, kwa mafundisho niliyolelewa nayo, mtu hulazimishwi na afisa mwenye daftari.

Ziwa Victoria kila mwaka omena hufungwa kuanzia Aprili 1 mpaka Julai 31. Miezi minne. Fikiria mshahara wako ukifungwa miezi minne kwa ajili ya kizazi kijacho cha wafanyakazi. Kizazi hicho kitakuwa cha watoto wako, na bado usingeweza kulala.

Linganisha na heringi tena. Uholanzi wanamla heringi mchanga anayeitwa maatjes, na ili auzwe kwa jina la "mpya" wa mwaka lazima awe na mafuta angalau asilimia 16. Akiwa chini ya hapo, bado. Watu wanasubiri, Juni anafika, pipa la kwanza linapigwa mnada kwa ajili ya hisani, barabarani watu wanamshika mkia wanamning'iniza mdomoni. Nimeitazama video yake mara nyingi kuliko inavyofaa. Kinachonivutia ni kwamba kule kusubiri kunalipwa. Hali ya mwili wa samaki ina bei. Mzani wa ufuoni kwetu haujui kitu kinachoitwa hali ya mwili, unajua kilo. Mvuvi akisubiri, anachopata ni kuchelewa tu.

*

Sasa niseme kitu ambacho nimekizunguka tangu mwanzo.

Muhula wangu wa kwanza chuoni ulilipwa na Shangazi. Babangu alikuwa ameshafariki. Ilikuwa Januari. Naikumbuka mikono yake ile miezi, imejaa vidonda vya miiba, maana miiba ya tafi ina sumu na inachoma usiku kucha. Alikuwa anaamka kabla ya adhana kwenda kuwahi vyombo, na alikuwa anakaanga mpaka saa nne usiku. Mayai aliyatenga kwenye sufuria ndogo, akayakaanga peke yake na chumvi na kitunguu, na hayo ndiyo tuliyokula nyumbani, kwa sababu samaki wenyewe walikuwa wa kuuzwa. Nilipanda basi kwenda chuo na mayai hayo ndani ya mkebe wa siagi.

Ukipiga hesabu ya kijikaratasi changu, mamilioni mangapi waliuawa ili nijifunze takwimu ambazo sikuzimaliza?

Sijui hata kama ni swali halali. Wakati mwingine nikiwa sina kazi nalala naangalia paa na kujiambia kwamba nilikula kizazi kizima cha samaki na sikuwa kitu. Halafu najiambia nisijifanye mkubwa. Nilikula samaki kama kila mtu. Niliacha chuo mwaka wa pili, mwezi wa tatu, Shangazi alipougua na karai likakaa ukutani wiki saba. Barua niliyopewa ilisema sijatimiza masharti ya malipo. Masharti yalikuwa yale yale Januari na Machi. Sikulaumu mtu, mzani ulikuwa unasoma kilo tu. Lakini tangu hapo nina wasiwasi na kipimo chochote kinachojivunia kwamba hakibadiliki.

Hapo ndipo nilipofika, kama unataka msimamo wangu. Nadhani tendo moja linaweza kuwa la haki mwezi huu na dhuluma mwezi ujao, bila mtu yeyote kubadilisha nia. Si kwa sababu maadili ni upepo. Ni kwa sababu kile unachokichukua hakibaki kitu kimoja, na yule anayechukua habaki mtu mmoja. Samaki 20 wa Januari kutoka kwa umati uliokusanyika sehemu moja ni jambo jingine kabisa na samaki 20 wa Septemba waliotafutwa kwa siku tatu. Na mkono wa mtu mwenye akiba ni mkono mwingine na wa mtu ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa karo. Sheria inayofunga mwezi bila kuuliza mwezi huo uko vipi nyumbani kwa watu imepima samaki ikasahau mvuvi. Na huruma inayomtetea mvuvi kila mwezi, hata kwenye ule mkusanyiko wa mwezi mpevu, imefanya kosa hilo hilo kwa upande wa pili.

Kuna mambo madogo yanayoweza kufanywa, si kila kitu ni falsafa. Pwani yetu yamejaribiwa malema yenye upenyo mwembamba wa kuwaachia wadogo watoke, ili kila samaki apate kutaga angalau mara moja kabla hajafika kwenye karai. Hiyo haijali kalenda na haimnyimi mtu Januari yake yote. Mimi naipenda kwa sababu mzigo wake unagawanywa mwaka mzima. Na kama ni lazima kufunga siku za mkusanyiko, basi ni siku chache za mwezi mpevu, sehemu ile ile tu. Na anayetaka zifungwe aje na kitu mkononi.

Hayo ndiyo niliyoandika upya. Nikatoa picha ya mayai. Nikaondoa UKIMUUA MMOJA. Nikaweka hesabu ya kilo na vichwa, na swali la Shangazi kama kichwa cha habari. Wenye kazi wakanishukuru kwa bidii yangu, wakasema toleo la kwanza "lina nguvu zaidi," wakachapisha la kwanza.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe karibu na banda la samaki. Mwenyekiti wa BMU alifungua kwa dua, kijikaratasi kikagawiwa, wanaume wakaongea sana. Wanawake waliketi nyuma na ndoo zao. Mwisho mwisho Shangazi akainua mkono. Hakuuliza kuhusu samaki wa Septemba. Nadhani swali hilo alinipa mimi tu. Aliuliza: "Januari mnaifunga. Nani ataifungua?" Watu wakacheka, hata mimi. Afisa kijana, wa rika langu, akasema hoja hiyo ni nzuri na ameiandika. Niliona kweli akiandika.

Nusu ya pili ya malipo iliingia M-Pesa wiki iliyofuata, elfu sita. Nilipanda matatu nikampelekea Shangazi elfu tatu, noti, kwa sababu hapendi pesa za kwenye simu. Akaniuliza za nini. Nikasema za Januari.

Akazihesabu mara mbili, akatoa mia mbili akanirudishia. "Nauli," akasema. "Ya feri ni bure."

Kisha akafunika sinia, maana nzi walikuwa wameanza.